Ulimi wa Mwalimu Torigoe

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwekea Mwalimu Torigoe chumvi badala ya sukari, naye amesema ni tamu.

Niandike polepole. Mazoezi ya kipindi asubuhi, samaki wa kuchemsha na figili nyeupe. Vikopo viwili vinavyofanana, kosa langu. Wiki ya pili kazini kama msaidizi wake na bado siamini kwamba nasimama nyuma ya mwanamke niliyemtazama kila mchana tangu nikiwa na miaka sita. Wenzangu shuleni walipenda waimbaji. Mimi nilipenda wapishi wa televisheni. Yule anayepika na mvinyo hadi miwani inaingia ukungu. Wale pacha wa Jumamosi wanaogombana juu ya kitunguu. Lakini Mwalimu! Aproni nyeupe juu ya kimono, anaonja, anafumba macho, nchi nzima inangoja, halafu: "Mm. Kumbe bado tuko hai."

Leo akaonja, akafumba macho, akasema hivyo hivyo. Akaongeza, "Na utamu umekaa sawa." Nikaonja baada yake. Maji ya bahari!

Akaniona uso. Akanivuta hadi stoo ya sufuria, akafunga mlango.

"Kuna nini?"

"Chumvi, Mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Yote."

Akacheka mpaka akakalia gunia la mchele. Tangu alipougua homa mwaka juzi hasikii ladha ya kitu chochote. "Naweza kula sabuni nikaisifia." Ana miaka sabini na sita. Kituo kikijua, kipindi kinakwenda kwa Ryoga wa kipindi cha jioni, anayepika mikono wazi ili tuone misuli. "Nikae nyumbani nifanye nini, binti? Nimtazame Ryoga?"

Kwa hiyo nitaonja mimi. Kwenye mazoezi nitamnong'oneza. Tukiwa hewani nitasimama kando ya kamera: nikigusa sikio la kulia, chumvi haitoshi, la kushoto, sukari, nikikohoa, aache.

Leo silali kwa furaha. Aibu, ila ni kweli.

Jumatano, 23 Julai

Sikio la kulia limeota kipele. Bi. Minase, mtangazaji ambaye kazi yake ni kusimama kando ya Mwalimu na kushangaa, ameninunulia barakoa na dawa ya kikohozi. "Pole jamani, miezi mitatu! Umekwenda hospitali?" Nimemwambia ni vumbi la unga. Kesho tunapika nyanya baridi. Hakuna unga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Osaka. Miaka yote hiyo alimkejeli Mwalimu — "supu zenu za Tokyo, nyeusi kama maji ya kusuuzia brashi za wino!" Leo yu juu mawinguni.

"Mwalimu wako kapata akili uzeeni. Siku hizi kwenye supu yake unaona hadi chini ya bakuli. Nimeipika jana, nikadhani mama yangu kafufuka."

Nikakata simu nikakaa chini sakafuni.

Ni mimi. Kila nilipogusa sikio nilikuwa najirudisha nyumbani. Sosi ya soya nyeusi imepungua kijiko baada ya kijiko, sukari nayo, mwani wa kuchemshia supu umeongezeka. Nimesoma chuo kikuu miaka sita, nimeandika tasnifu juu ya nafsi katika ushairi, na sikujua kwamba ulimi wangu una kabila.

Nimwambie kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijamwambia. Mama alikuwa amefurahi sana.

Jumanne, 11 Novemba

Barua! Bwana Nukada, mwongozaji wetu, amezisoma mbele ya wote. Mama mmoja wa Tokyo anasema mumewe amesukuma bakuli na kuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Mwingine: "Mwalimu, nani amekudhuru?" Na gazeti moja la umbeya limeandika kwamba Mwalimu ana mpenzi, mjane wa Osaka, mwenye duka la miavuli, ndiye aliyembadilisha mapishi.

Mwalimu amenunua nakala mbili. "Wameandika anatembea kwa mwendo wa kiungwana," akaninong'oneza. "Angalau wamenipa mtu mzuri."

Nukada hakucheka. Kipindi cha tarehe 26 Desemba ndicho kitakachoamua: supu ya Mwaka Mpya, ya Tokyo, ya zamani, ileile iliyompa jina. Ikitoka vile, Mwalimu anaendelea Aprili. Isipotoka, Ryoga.

"Hilo ni jepesi," Mwalimu akamwambia. Akanigeukia na kutabasamu. Ananiamini kabisa. Nilitamani ule mwani uninyonge.

Jumapili, 14 Desemba

Nimenunua kitabu chake cha kwanza, cha zamani, kurasa zina madoa ya mtu mwingine. Napika supu nyeusi asubuhi, mchana na jioni. Napima kwa kijiko, siuamini mdomo. Mara ya kwanza nilitaka kuimwaga. Leo nimeimaliza yote. Nimekunywa hata ile ya chini. Sitaki kufikiria maana yake.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimemuua.

Supu ilikuwa kamili. Nilipima kila tone. Nukada alionja kabla ya kwenda hewani akasema, "Eeeh! Bibi yangu huyu hapa!" Kilichobaki ni mochi tu, vile vikeki vya mchele wa kunata. Mchele umepondwa, umeletwa wa moto, kazi yangu kuutandaza na kuukata pembe nne kama wafanyavyo Tokyo, kuuchoma, kuuweka kwenye sufuria ile ya supu iliyoiva tayari, inayokaa chini ya meza hadi wakati wake. Na mimi akili yote iko kwenye supu, nahesabu vijiko kichwani. Mikono ikafanya inachofanya kila Desemba jikoni kwa Mama. Ikakata donge, ikaviringisha, ikakata donge, ikaviringisha.

Sikuona. Naapa sikuona. Nikazitumbukiza, nikafunika.

Hewani. Mwalimu anasema, sauti imejaa: "Ukoo wetu uko Tokyo vizazi vitano. Mochi zetu zina pembe nne, nasi pia." Akafunua.

Sita. Za duara, za Osaka. Nyeupe kama mayai.

Bi. Minase, aliyelipwa miaka minane kushangaa, ameshangaa leo kwa mara ya kwanza. Nilikohoa, sijui kwa nini, nikakohoa tu. Mwalimu akatazama sufuria. Sekunde nne — kwenye televisheni ni mwaka. Kisha:

"Mm. Tumepata wageni."

Akapakua.

Ujumbe elfu tatu kabla ya saa nane. Nusu wanatukana, nusu wanalia kwa furaha. Kwenye meza ya simu watu wawili wa mapokezi wamegombana wao kwa wao.

Kwenye korido akanishika mkono. "Kumbe tangu Aprili nimepika Osaka?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba tangu Oktoba nilijua. Hapo ndipo alipouachia mkono wangu. Alipiga hatua chache, akarudi. "Mjane wa miavuli," akasema, "ni wewe?" Sikujua kama anacheka. Bado sijui.

Jumatatu, 29 Desemba

Naandika chooni, ghorofa ya tisa. Kiti ni cha joto. Nimeomba dakika tano.

Wakubwa wanne wa kituo mezani, Nukada, Ryoga na mikono yake, Mwalimu katikati. Kabla hawajamuuliza chochote akasema mwenyewe, kama anayeagiza chai: "Sionji tangu homa ile. Anayeonja ni huyu. Makosa ni yake, na sifa pia." Nukada akafunika uso.

Mkubwa wao, mzee mwenye kope ndefu, hakukasirika. Akaagiza mabakuli mawili. Mwalimu amepika moja asubuhi hii, peke yake, bila mtu wa kumnong'oneza. Ryoga amepika la pili. Mama yake Ryoga ni wa Osaka, sikujua! "Binti," mzee akasema, "umeilisha nchi nzima ulimi wako tangu Aprili bila kutuuliza. Leo tunakuuliza. Bakuli utakalosema ndilo kipindi cha Aprili."

Nimeonja la Ryoga. Jeupe, mwani, mochi ya duara. Ni Mama mtupu. Machozi yalinitoka, wote wameona, Ryoga amejiweka sawa kwenye kiti.

Nimeonja la Mwalimu. Jeusi, chumvi imezidi kidogo, sukari imepungua. Mkono wake umekumbuka karibu kila kitu. Nikanywa tena. Nikanywa tena bila mtu kuniambia, ndipo nikaomba kwenda chooni.

Nikisema lake, ingawa ndilo ninalolitaka, hakuna atakayeamini kwamba si huruma. Yeye mwenyewe hataamini. Na Mama?

Anagonga. Ni yeye, najua pete yake kwenye mlango.

"Chigusa. Usinionee huruma, nitajua."

"Utajuaje, Mwalimu?"

Pete tena, mara moja.

"Toka basi. Mzee yule amemaliza bakuli moja, sasa ananyoosha mkono kwenye la pili; ukichelewa ataamua yeye."