Akodiani ya Kushika Tu

Jumatatu, 9 Novemba 2009
Pei-ling kapiga simu. Wanamfanyia marehemu mama yake, Hsiu-chin, tamasha la kumbukumbu—okestra ya watu arobaini! Sauti ya Hsiu-chin wameitoa kwenye ukanda wa studio wa zamani, mashine imeisafisha, nami nipige akodiani kama zamani. Anko, usininyime, anasema. Nimekubali. Vidole vyenyewe vimeshaanza ukaidi.

Alhamisi, 12 Novemba
Mazoezi, hapa hapa mtaani kwetu Beitou. Kila mmoja ananiuliza zama zile ilikuwaje. Ilikuwaje! Miaka kumi na sita juu ya pikipiki, kutoka hoteli moja ya chemchemi za maji moto hadi nyingine, Hsiu-chin nyuma na viatu mkononi. Walevi wakitutupia maganda ya karanga. Leo wanamwita malkia. Nimechoka hata kucheka.

Jumamosi, 14 Novemba
Aibu. Mara nne nimechelewa kuingia wimboni. Fundi mitambo kaniwekea taa nyekundu: babu, ikiwaka, piga. Inawaka, napiga, sauti imeshapita. Ndipo nikagundua—wamefuta pumzi! Hsiu-chin alikuwa akivuta pumzi kwa pua kabla ya kuimba, ukiisikia unaingia naye. Sikuwahi kuhesabu mapigo maishani. Fundi anasema zile zilikuwa kelele tu, kazitoa zote. Kelele!
Mwisho kiongozi wa okestra kanivuta kando. Babu ashike tu akodiani, mpiga kinanda atapiga sehemu yake. Watu wanataka kukuona, babu. Adabu tele. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikanywa uji wa viazi vitamu, nikalala na soksi.

Jumapili, 15 Novemba
Pei-ling kaja na keki za nanasi. Anataka jibu leo. Nikamwambia mimi si sanamu, na bila ile pumzi ya mama yake siwezi kuingia. Akawaka: yaani Anko, kwa ajili ya kelele za puani utamwacha mama peke yake jukwaani? Niliumia. Nikasingizia natafuta miwani, nikajifungia chumbani. Ndimo ninamoandikia.
Santuri tuliyorekodi mimi na Hsiu-chin iko hapa juu ya kabati, nzima, haijaguswa na fundi yeyote. Hsiu-chin alipofariki, huyu Pei-ling alikuwa na miezi minane. Kakulia kwenye kaseti za nakala, mikwaruzo mwanzo mwisho. Magauni anayo, picha anazo, nyimbo anazijua zote. Hajawahi kumsikia mama yake akivuta pumzi.
Naogopa kumwekea santuri aisikilize. Je, naye akisikia kelele tu?
Nimeshaifuta vumbi. Anagonga mlango—Anko, umelala huko?