Mama Zuhura Alikupungia Mkono

Lumbu yangu, dada wa tumbo moja,

Ni mimi kaka yako Hemedi, yule wa maneno mengi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke. Shule niliiacha darasa la tano, na siku ile mwalimu alilia. Basi, hakulia. Lakini alisimama mlangoni.

Hapa Ngombezi bado nyumba yako inanukia wewe. Vifaranga wa nyama uliwaacha wangali na manyoya laini, wamezunguka jiko la mkaa kwenye kile chumba cha uani. Uliwanunua kwa ajili ya ndoa ya mwanao Rehema. Ndoa imesogezwa mbele, na kuku watapikwa kwenye arobaini yako. Nilisimama msibani mbele ya watu wote nikasema hatakufa hata mmoja mikononi mwangu, na kila atakayekuja kukuombea dua atakula akashiba. Watu wakatazama chini. Wananijua.

Walipoota manyoya kamili wakaanza kubanana, Rehema akaniambia, "Mjomba, wahamie banda la nje." Nikamwambia mimi niliyeswaga ng'ombe kutoka Handeni hadi Mombo, simba wakinipisha njia, nitashindwa na kuku? Nikaingia na buti zangu. Lumbu, wale viumbe walikimbilia kona moja wakapandana kama magunia, wa chini wanakosa pumzi. Rehema alinivuta kwa shati. "Toka, utawaua! Wamezoea kanga ya mama!"

Kanga yako ya chungwa ilikuwa kwenye fungu la nguo za kugawiwa. Tukaifungua. Nikajitanda mpaka kichwani, mimi na kitambi changu, nikakaa chini kwenye maranda, miguu nimenyoosha kama ulivyokaa wewe. Wakatulia. Mmoja akanipanda gotini. Asubuhi hiyo tukawatia kwenye matenga, wachache wachache ili wasikanyagane, tukawapeleka kwenye lile banda la wavu ulilojenga kuelekea shamba la mkonge.

Lakini ulisema siku zote, "Kuku mgeni haogopi mchana, anaogopa jua likizama." Kweli. Mwanga ukipungua walianza kurundikana tena, baridi ya nje hawaijui. Ikabidi kila magharibi niingie na kanga yako, nikae kati yao mpaka watawanyike walale. Siku ya kwanza jirani yako Mama Zuhura akapita na ndoo ya maji, akaitupa. "Innalillahi! Marehemu yumo bandani!" Kijiweni nilisimulia kwamba alizimia, na pikipiki mbili zikaingia mtaroni. Ilikuwa moja, na ilikuwa imeegeshwa.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Chakula cha kuku kiliisha hapa, mimi na Rehema tukaenda Mombo. Kanga niliiweka kwenye begi langu, nikijua tutarudi kabla ya jua kuzama na nitapitiliza bandani. Mvua ikashuka kutoka milimani, maji yakafunika barabara, mabasi yakasimama. Tulilala Mombo. Rehema alikuwa analia kimya kimya. Wote tulijua: wakiloa wanapandana, wakipandana unakuta lundo la mizoga. Mimi nilikuwa naona nyuso za watu wa msibani.

Asubuhi tulikuta turubai la banda limechanwa na upepo, maranda upande mmoja yamekuwa uji. Kuku wote walikuwa upande mkavu, wamelala wametawanyika vizuri, wameacha nafasi katikati. Nafasi ya mtu aliyekaa na miguu ameinyoosha. Niliweka kiganja pale, lumbu. Palikuwa na joto.

Mama Zuhura akaja mpaka kwenye wavu. "Leo sikushtuka, kaka Hemedi. Jana jioni nimekuona umekaa humo na kanga yako, mvua inakunyeshea. Nikakupungia mkono. Mbona hukuitika, umeanza maringo?"

Begi lilikuwa begani kwangu. Kanga imo ndani.

Mimi, ambaye panya akikatiza namfanya chui, nilipewa kisa cha kweli, na shahidi juu. Nikamjibu, "Upepo ulikuwa mkali, mama. Sikukusikia." Rehema akanitazama, kisha akatazama begi.

Tangu hapo ile nafasi wanaiacha kila siku. Mimi nakaa pembeni yake. Sikujua mtu anaweza kutamani kumwona dada yake na kumwogopa kwa pumzi moja. Juzi nimeanza kuingia na shati langu, kanga naikunja mlangoni. Wanaruka kidogo kisha wananizoea.

Arobaini ni keshokutwa. Sufuria tumeshaazima, na kanga atapewa Mama Zuhura, ameiomba. Kuku wamenenepa, wazito, wote wazima. Alfajiri ya siku hiyo mchinjaji anakuja, na mimi ndiye nitakayeingia kuwakamata. Nakuahidi nitawashika kwa mikono miwili, taratibu, nisiwaning'inize kichwa chini, na hakuna atakayetupwa tengani kama gunia. Wewe umewafikisha. Inatosha.

Nakuomba kitu kimoja tu, lumbu yangu. Asubuhi hiyo usiingie bandani. Usiwatazame.

Lala.

Kaka yako,
Hemedi