Vioo Viwili Vilivyofutika Majina

KITUO CHA POLISI MPANDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Helena binti Leonidas. Umri: miaka 36. Kazi: mtaalamu wa maabara. Makazi: Makanyagio. Tarehe: 13/9/1996, saa 10:20 jioni.

Mnamo tarehe 9/9/1996 saa 3:00 asubuhi nilipokea makohozi ya watu wawili: Kabula, mke wa Makoye, wa Shanwe, na mzee Séverin, mkulima wa Katumba. Nilipaka ya kila mmoja kwenye kioo chake, nikayakausha na kuyapitisha juu ya moto. Kisha niliyamwagia auramini, rangi inayowashika bakteria wa kifua kikuu wang'ae njano chini ya taa ya hadubini. Majina niliandika kwa maka peni, maana penseli sikuiona. Spiriti yenye asidi tunayosuuzia rangi iliyozidi iliyafuta yote mawili. Nilijiambia nakumbuka kipi kilikuwa kushoto. Ilinipasa nianze upya, sikuanza. Kioo kilichong'aa nilikiandika Kabula.

Tarehe 10/9 nilimpa Kabula majibu. Jioni alimwacha mtoto wake wa miezi minne kwa mama mkwe, akatoweka. Kaka zake Kabula walisema Makoye amemuua kwa kuogopa ugonjwa, naye akawekwa mahabusu.

Nilisikia habari hizo tarehe 12/9 asubuhi, kwenye foleni ya maji. Nilikwenda maabara moja kwa moja. Makohozi yalikuwa bado kwenye friji, na vikopo vilikuwa na majina. Nilitengeneza vioo vipya, nikaandika kwa penseli, nikaziba madirisha ili chumba kiwe giza. Cha Kabula kilikuwa cheusi kitupu. Cha Séverin kilijaa vijiti vya njano, ndio bakteria wenyewe. Nilirudia kutazama mara tatu.

Saa 5:00 nilimweleza Koplo Enoka hapa kituoni kuwa kosa ni langu. Aliniuliza kama najua naweza kupoteza kazi. Nilisema najua. Makoye alinisikia kutoka mahabusu, akasema mkewe ana shangazi Usevya, watu wakatafute huko.

Leo saa 8:00 mchana gari la polisi lilirudi hapa kituoni kutoka Usevya na Kabula. Nilimwambia mwenyewe, mbele ya watu, kwamba hana kifua kikuu, nilikosea, anisamehe. Kabula aliuliza:

“Kwa hiyo mtoto naweza kumnyonyesha?”

“Mnyonyeshe, mama.”

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kituoni, alimfungua mtoto mgongoni. Kabula alikaa chini palepale. Mimi nilitoka nje nikalia, ila mzigo ulikuwa umenitoka.

Mzee Séverin alianza dawa jana. Niliyoyasema ndiyo niliyoyafanya, sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: Helena L.

Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali. Makoye aliachiwa saa 9:15 alasiri. Alitoka akiwa amembeba mtoto.

Koplo Enoka