Wote Wapo

Kawempe, Kampala
17 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Okwir,

Salamu nyingi za hapa nyumbani. Joto la Doha likoje? Mgongo wako unaosimama getini masaa kumi na mawili bado umenyooka, au umeanza kupinda kama wangu? Sisi ni wazima. Magoti yangu yanalia, lakini meno matano yaliyobaki hayajaomba ruhusa ya kuondoka.

Sasa soma ukiwa umekaa. Zile alama za Amony nilizokuandikia, themanini na tano, tisini, tisini na mbili, si zake. Ni zangu.

Uliniachia kazi moja tu: binti yako afanye majaribio kila Jumamosi, nisahihishe kwa karatasi ya majibu, niandike alama ukutani tuone anavyopanda. Nikafanya kama zamani kambini. Afande akiuliza asubuhi, tulijibu wote wapo, hata wawili wakiwa bado wamelala kwenye baa za Kabalagala. Amony akikosa, akinitazama na yale macho ya marehemu mama yako, mkono wangu unaweka alama ya vema. Halafu hesabu za sehemu mimi mwenyewe sizijui, na niliona haya kumuuliza mjukuu.

Wiki jana matokeo ya mtihani wa shule yakaja. Hesabu, thelathini na nane. Mkeo Concy aliosha sufuria ileile mara tatu. Amony akasimama mbele ya ukuta, akasoma tisini zangu zote, kisha akaniambia polepole, "Babu, ungeniacha nikosee hapa nyumbani."

Mwanangu, jeshini niliwahi kufungiwa siku saba. Aibu hii imezidi.

Ukuta tumeufuta. Sasa tuna daftari la watoro. Kila swali alilokosa linaandikwa humo, na sababu ya kutoroka, na halifutwi mpaka alipate mara tatu. Watoro ni arobaini na mmoja. Jana wamerudi wawili. Mtihani mkubwa ni Novemba, tunawasaka.

Ulishawatangazia wenzako tisini, najua. Waambie na thelathini na nane, useme kosa ni la mzee wako.

Concy anakusalimu, na jirani yetu Oola pia. Mungu akusimamie hapo getini.

Amony ameamua nami nifanye majaribio. Jana nilipata sita kwa ishirini. Ameandika sita ukutani, kubwa, wala hakuniongezea hata moja.

Mimi baba yako, mwongo anayekupenda,
Ojera