Nyongeza za Viyoyozi vya Paani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, ila magoti yananung'unika kila ngazi. Unaniuliza, kwa viyoyozi mnavyoagiza kuweka juu ya paa la hospitali, nyongeza zipi mchukue na zipi mziache.

Rangi ya kuzuia kutu chukueni kama bahari iko karibu. Kitambua moshi, sheria yenyewe inakitaka. Soketi ya umeme huko juu usiikose. Mimi na baba yako tulikuwa tukivuta waya ghorofa sita, naye akinitania, "Kaka, leo tunavua samaki gani?" Saa nne tulikunywa chai kivulini mwa mashine, mji mzima ukiwa chini yetu, naye akipiga mluzi. Sijapata tena ofisi nzuri kama ile.

Lakini kabla ya yote, agiza mashine zenye milango ya bawaba. Bila hiyo, fundi hufungua skrubu na kuweka kifuniko kizima pembeni, na upepo wa juu hauna adabu. Tulikuambia baba yako aliteleza akaanguka. Hakuteleza. Alikimbilia kifuniko kilichopeperushwa, kisije kikawaangukia watu barabarani. Bawaba zilikuwamo kwenye orodha, na aliyezifuta ili bei ipungue ni mimi.

Miaka kumi na tisa nimekuacha ulaumu viatu vyake. Ukishindwa kunijibu, nitaelewa. Ukiweza, njoo unilaumu ana kwa ana, nikuone.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa