Ungesimama Tu Ukaswali

Mpendwa mume wangu, baba Zaituni,

Pokea salamu, na hasira uzipokee pia. Mwalimu wa chuo cha Kurani ndiye ananiandikia, na neno moja amekataa kuliandika. Ujue lipo.

Unakumbuka uliporudi kutoka Ujiji na hicho kikao chako cha kumkumbuka Mungu? Mchana kweupe, ndagala za ziwani nimezianika, kunguru wanajichotea, na wewe uko mkekani, macho umefumba, unafuata pumzi. Ukaniambia uhai unakupanda kutoka tumboni hadi utosini, viganja vinapata moto. Nikavishika, kweli vya moto. Nikakujibu hata vyangu ni vya moto, nimetoka jikoni.

Ulicheka. "Wewe unaamini ulichoambiwa," ukasema, "mimi nakihisi." Hapo uliniudhi sana. Naswali tano tangu utotoni, nafunga, kumbe mimi ni wa kuambiwa tu.

Halafu wakaja askari wa Mdachi wakitafuta wagonjwa wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, wakakukuta umekaa vilevile. Nikamwambia msimamizi wao kwamba huumwi, unamkumbuka Mungu. Akakutazama weee.

"Baislamu naona banasali," akasema. "Banasimama, banainama. Huyu iko analala tu."

Nikakusihi usimame uswali rakaa mbili, akuone. Mbili tu, baba Zaituni. Ukafumbua macho ukasema huwezi kuswali kwa ajili ya askari. Wakakupeleka kambini, nawe unatabasamu kama bwana harusi. Sasa nasikia sindano za huko zimepofusha watu, na wewe mzima kabisa. Nilitamani kukupiga.

Jana nilikaa mkekani kwako, nijue ni kitu gani hicho kilichokushinda kukiacha hata kwa ajili yetu. Nikafumba macho, nikafuata pumzi. Kwanza nilikasirika tu. Kisha viganja vikapata moto, na jiko sikuwa nimeliwasha. Hapa mwalimu ameweka kalamu chini, nimemwambia aandike.

Basi, kipo. Nimekubali. Lakini msimamizi ameniambia mgonjwa akionekana anainama na kuinuka mwenyewe, hupimwa upya, na mzima hurudishwa kwao. Kwa hiyo wakija na sindano, simama. Rukuu, sujudu, mbele yao wote. Mungu anajua ulikuwa naye ulipokaa. Mimi nataka urudi na macho ya kunitazama nikikugombeza.

Nakuaga, bado nimekasirika.

Mkeo, mama Zaituni