Mashine Mbili Nilizozirudisha

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono, maana mpaka sasa nimeduwaa. Nina duka la viatu na ndimi mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa wetu, na kwa kuwa kampuni za mashine za kadi hutukata kila mteja anapolipa kwa kadi, nilipiga kelele na kukusanya saini mpaka serikali ikaweka kikomo cha makato, na wifi yangu mwenye saluni jirani akanikumbatia akilia. Zamani niliweka kwenye kaunta mashine za kadi za kampuni tatu, makusudi, ili kila wakala akija azione za wenzake, wakawa wanashindana kunipunguzia, lakini sheria ilipotoka nikasema sasa nalindwa, mashine tatu za nini, nikarudisha mbili. Taarifa ya mwezi ilipokuja nilikaa sakafuni katikati ya maboksi. Nakatwa mpaka kwenye kikomo, zaidi ya kabla ya sheria niliyoipigania mwenyewe. Wenye maduka makubwa wenzangu wanataka Jumamosi tukaombe ifutwe, soko lijiamulie. Nilipomwambia wifi, aliweka kitana chini akaniuliza, "Wifi, na mimi je?" Kumbe kabla ya sheria yeye alikuwa akikatwa karibu mara mbili yangu. Sasa hatusemezani, na mume wangu yuko katikati. Nifanye nini?

Mama wa viatu, pole. Hata mimi barua yako niliisoma mara mbili. Lakini kikomo kinawakataza mawakala kupanda tu, kushuka ruksa. Waliokuwa wakishuka walishushwa na zile mashine ulizozirudisha kwa mikono yako. Leo wakala akupunguzie ili iweje, kwa mapenzi?

Na wifi yako je? Wewe ulibembelezwa na kampuni tatu kwa sababu unauza. Saluni ya viti viwili aliigombania nani? Hana mwingine wa kumtetea ila sheria hiyo, nawe unataka kumnyang'anya. Mkuki kwa nguruwe, mama.

Jumamosi usiombe ifutwe. Waite mawakala wote watatu kikaoni, washindanie mtaa mzima, maduka na saluni kwa makato mamoja. Wote watatu wakigoma kushuka, basi wamepatana wasishindane, na hilo ndilo la kupeleka serikalini.

Ila kwanza nenda saluni ukaoshwe nywele. Lipa kwa kadi, kisha muulize wifi yako kinachobaki mkononi mwake. Swali hilo ulipaswa kumuuliza kabla hujawa mwenyekiti wake.